Kabla hujalipaka rangi Land Rover kuukuu la polisi

BILA shaka, msomaji, ushawahi kuliona gari la namna hii: Land Rover kuukuu la polisi, magurudumu hayapo, nyasi zimeota hadi kwenye kiti cha dereva. Wazee wetu wanayakumbuka tangu siku za Hali ya Hatari, 1952 hadi 1960, na si kwa mapenzi.

Katika vichochoro vya Mukuru kwa Reuben, jirani na viwanda vya Nairobi, gari kama hilo laweza kuishia kwenye mizani ya vyuma vikuukuu, likakatwa na kuuzwa kwa kilo. Laweza pia kuondoka likinguruma na kumwachia fundi wa jua kali karo ya watoto wake. Kinachoamua si rangi bali ni karatasi.

Hebu tuseme wewe ndiwe fundi huyo, nawe umetajiwa bei ya kuvutia. Usitoe pesa kwanza. Ingia chini ya gari. Land Rover zilianza kuundwa Uingereza mwaka wa 1948, chuma kikiwa adimu baada ya vita, ndiposa zikapewa bodi ya alumini. Bodi hiyo haishiki kutu, na kwa hivyo humdanganya mnunuzi. Chesisi ni ya chuma, tena ina uwazi ndani kama sanduku. Maji hutuama humo, ikaoza kutoka ndani. Igonge kwa nyundo ndogo toka mbele hadi nyuma. Ikilia kama kengele, afadhali. Ikitoa mlio mzito, wa kufa, pana kazi.

Chunguza pia mahali alumini inapogusana na chuma. Unga mweupe ni dalili kwamba alumini inaliwa. Mashine ya kawaida ya kuchomelea haikufai hapo. Kata kipande kilichooza na ufunge kingine kwa ribiti.

Sasa nambari. Magari ya serikali hubeba nambari za GK, na sheria ya mwaka wa 2015 kuhusu ununuzi na uuzaji wa mali ya umma imeweka njia za kuyaondoa, kama vile mnada na zabuni. Muuzaji na akuonyeshe stakabadhi zake. Nambari iliyopigwa kwenye chesisi ilingane na ya karatasi, tarakimu kwa tarakimu. Isipolingana, nenda zako. Hakuna fedheha kama kuulizwa na polisi ulikolitoa gari lao!

Mnunuzi naye si mtu wa kubeba viazi. Ni mpenzi wa magari ya zamani, kama wale wanaokutana Ngong Racecourse kwa Africa Concours d'Elegance, mashindano yaliyoanzishwa na klabu ya wenye Alfa Romeo mwaka wa 1970. Huyo hulipia uasili. Ukitia injini ya Toyota, huenda gari likakimbia zaidi, lakini bei itashuka. Hifadhi benchi walizokalia askari, matundu ya king'ora, hata rangi ya kale iliyojificha chini ya viti. Piga picha kila hatua. Ila usilitembeze Enterprise Road likiwa na nembo ya polisi na taa ya buluu.

Na siku ya kuuza, usitoe ufunguo kabla umiliki haujahamishwa kwa mnunuzi katika NTSA. Likigonga mtu huko Kitui kesho yake, atakayetafutwa ni wewe.