Mkodi Mwema Apewe Muda

Wanachama wapenzi,

Kila msimu ukimalizika humfikia Katibu malalamiko yale yale: matawi yamevunjwa, magugu yamefika kiunoni, na pale mikarafuu ilipokufa hapakupandwa kitu. Mwenye shamba humlaumu mkodi. Lakini tujiulize: mtu aliyekodi msimu mmoja ana haja gani na tawi la mwakani? Hutaka karafuu zote leo, maana kesho si yake.

Mche wa mkarafuu huanza kuzaa baada ya miaka 6 hadi 8, na mikarafuu haizai sawa kila mwaka. Basi mkodi achumaye bila kuvunja, na alipaye kwa wakati, yafaa apewe miaka 8 au 10 kwa kodi iliyopunguzwa. Tuseme shamba hukodiwa shilingi 600,000 kwa mwaka. Ukimwachia kwa 450,000, zile 150,000 hazikupotea. Ndizo ujira wake wa kupalia na kujaza mapengo.

Wako wanaoogopa kuwa mkodi akikaa sana atadai shamba. Hofu hiyo ni ya zamani. Hapa Unguja watu wa muda waliachiwa kulima muhogo chini ya mikarafuu, lakini si kupanda miti ya kudumu, kwani apandaye mti hupata haki juu yake. Na huko bara, katika nchi ya kahawa na migomba ya Buhaya na Karagwe, iliko Nyakasimbi, walikuwapo wapangaji wa nyarubanja, waliomlipa bwana wa ardhi kwa mashamba waliyoyatunza wenyewe. Ugomvi wao uliishia kwenye sheria ya mwaka 1965, iliyowafungulia wapangaji njia ya kuimiliki ardhi hiyo. Funzo ni kwamba jasho lisilohesabiwa mapema huja kuhesabiwa baadaye, tena kwa ugomvi.

Basi tulihesabu mapema. Andikeni muda, kodi, na kazi ya kila mwaka. Andikeni kuwa miche ni mali ya mwenye shamba, na kuwa mkodi akitolewa kabla ya muda wake bila kosa, atalipwa kwa kila mche ulioshika. Mashahidi wawe wawili, na Sheha apate habari. Mwenye eka tatu za serikali aulize kwanza ofisi ya ardhi.

Mali bila daftari hupotea bila habari.

Wasalaam,
Katibu wenu