Anayesikia Mwangwi Siye Mwenye Kosa

Mchele wa Kyela huuzwa kwa simu kabla haujapakiwa kwenye lori. Dalali anampigia mnunuzi wa Dar es Salaam kwa WhatsApp, anaweka simu juu ya gunia na kufungulia spika ili mwenye mpunga naye aisikie bei. Hazipiti dakika mbili, mnunuzi analalamika: "Mbona najisikia mwenyewe?" Dalali hufanya kile ambacho karibu kila mtu angefanya: anaongeza sauti.

Hapo ndipo anapoharibu zaidi. Sauti ya mnunuzi imetoka kwenye spika huko Kyela, ikaingia kwenye maiki ya simu hiyohiyo, ikarudi Dar. Mnunuzi hata akizima simu yake na kuiwasha upya, mwangwi atausikia tu. Ndiyo maana fundi mzoefu akipokea malalamiko ya mwangwi huanza kukagua upande ambao haujalalamika.

Mwangwi wenyewe si mgeni. Hata simu za waya za zamani zilirudisha sauti sikioni mwa msemaji, ila ilirudi upesi mno hata sikio halikuitenga. Ikichelewa kupita milisekunde 30 hivi, mtu huanza kuisikia. Na intaneti huchelewesha: sauti hukatwa vipande, kwa kawaida vya milisekunde 20, kila kipande husafiri kivyake, na simu inayopokea husubiri kidogo ili vilivyochelewa vifike. ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, hushauri safari ya upande mmoja isizidi milisekunde 150. Mtandao ukielemewa, kiwango hicho huvukwa.

Adha hii iliwatesa zaidi wahandisi enzi za setilaiti. Early Bird, iliyorushwa mwaka 1965, ilikaa kilomita 36,000 juu ya dunia, na mwangwi wake ulimrudia msemaji baada ya nusu sekunde hivi. Huko Matema, ambako Milima ya Livingstone inaporomokea ziwani, mtu akipiga ukelele mtumbwini mita 85 kutoka kwenye mwamba hujibiwa baada ya muda huohuo. Ziwani ni mchezo. Kwenye simu, msemaji hukatika ulimi katikati ya sentensi.

Dawa ilitoka Bell Labs, Marekani, katika miaka ya 1960, kwa kazi za akina John Kelly na Man Mohan Sondhi. Kifaa chao husikiliza sauti inayoingia, hujifunza jinsi inavyorudi, hutengeneza nakala ya mwangwi huo, kisha huuondoa kabla haujasafiri. Leo kazi hiyo hufanywa na programu iliyomo ndani ya simu yenyewe.

Lakini programu hiyo ina udhaifu. Spika ikifunguliwa mpaka ikakwaruza, sauti inayotoka haifanani tena na iliyoingia, na nakala haipatani na mwangwi. Mvua nayo, hasa hizi za Kyela zinazopiga bati mpaka watu wakapigiana kelele, huivuruga. Tiba rahisi ni kupunguza sauti au kuvaa spika za masikioni, kwa sababu kwa spika hizo sauti haina pa kupitia kuifikia maiki.

Kwa ofisi zenye simu ya mezani iliyounganishwa na intaneti kupitia adapta, kazi hufanyika kwenye ukurasa wa mipangilio, unaofunguliwa kwa kompyuta. Kuna namba mbili za nguvu ya sauti, inayotoka na inayoingia, zote kwa desibeli. Zishushwe desibeli 3 kwa mara moja, si zaidi, maana desibeli 6 tu hupunguza ukubwa wa wimbi la sauti kwa nusu. Kiondoa mwangwi kiachwe kimewashwa. Wapo waliokizima kwa ajili ya faksi, na faksi ikaondoka bila wao kukirudisha. Ikiwa adapta imeungwa na laini ya zamani ya waya, mipangilio ya laini ilingane na nchi, kwa kuwa isipolingana sehemu ya sauti hurudi ilikotoka.

Baada ya kila badiliko, apigiwe yuleyule aliyelalamika, kwani aliyeshika adapta hawezi kuusikia mwangwi huo. Akisema mwangwi umekwisha ila sasa sauti ni ndogo, ipandishwe desibeli moja, kisha aulizwe tena.