Kosa la "il" na "elle" darasani Aru

Mtoto wa shule ya msingi mjini Aru, nchini Kongo, anasimama kujibu: "Maman, il est au marché." Wenzake wanaangua kicheko, mwalimu anamkatiza, naye anakaa. Siku hiyo hafungui kinywa tena.

Hebu tulitazame kosa lenyewe. Nyumbani mtoto huyu anasema Kilugbara, ambamo baba ni "eri" na mama ni "eri". Sokoni Ariwara anatumia Kilingala, na huko wote ni "ye". Kwa jirani aliyetoka Bunia amesikia Kiswahili: wote "yeye". Lugha tatu zimemfundisha kwamba ukimtaja mtu huna haja ya kusema kwanza ni mwanamume au mwanamke. Kifaransa, lugha yake ya nne, ndicho kinachodai jambo geni: "il" kwa mwanamume, "elle" kwa mwanamke. Mtoto amefuata kanuni aliyoihakikisha mara tatu, na sisi tukamwita mjinga.

Kufundisha lugha ya pili kwa jicho la haki kunaanzia hapo. Kupima mtoto amekishika Kifaransa kiasi gani hakutoshi. Lazima tuulize pia nani aliamua kwamba zile lugha tatu hazina alama. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha 1986 kuhusu kuzikomboa akili, anasimulia jinsi watoto wa Kenya walivyochapwa kwa kusema Kikuyu shuleni. Siku hizi fimbo imepungua. Kicheko kinafanya kazi ileile.

Sheria ya elimu ya Kongo ya Februari 2014 inaruhusu kufundisha kwa lugha za taifa au za mazingira ya mtoto. Ng'ambo ya mpaka wa Vurra, mtaala wa Uganda ulioanza 2007 unataka madarasa matatu ya kwanza yasome kwa lugha ya mahali. Walugbara wa pande zote mbili ni walewale, pengine hata ukoo ni mmoja.

Kisha kuna wakimbizi wa Sudan Kusini waliovuka kuingia Kongo baada ya mapigano ya 2016, wengine wakapokewa Biringi, katika eneo la Aru. Aliyekuwa darasa la tano kwa Kiingereza akirudishwa kukaa na wadogo kwa sababu hajui Kifaransa, hesabu alizokwisha kujua zimekwenda wapi? Miongoni mwao wamo Wakakwa, na Aru ina Wakakwa wake. Kumketisha mgeni Mkakwa na mwenzake wa Aru, wabishane hesabu kwa Kikakwa kisha waandike jibu kwa Kifaransa, hakugharimu hata franga moja. Na katika kusahihisha jiografia, hoja ipewe alama zake, na sarufi alama zake.

Nasi Waswahili tusijitoe lawamani, maana lugha yetu pia ni kubwa na hukanyaga ndogo. Mwalimu wa Bunia akipangiwa Aru, ajaribu kutamka "gb" ya Kilugbara mbele ya darasa. Atachekwa. Avumilie, kisha achukue chaki: upande mmoja aandike eri, ye, yeye, upande wa pili, il na elle.

Hapo ndipo maswali yanapoanza. Mbona "banc" ni il na "table" ni elle? Kumbe meza ni mwanamke? Nani alimwangalia?