Shimo la Mfyatua Matofali Si Ardhi Iliyokufa

Kila tofali la kuchoma katika kuta za Musaga, kusini mwa Bujumbura, limeacha pengo lake katika bonde fulani. Mvua hulijaza pengo hilo maji, nasi tukipita husema kwamba ardhi imeharibika. Ndugu msomaji, tulitazame tena.

Mbegu za mimea ya majimaji huchukuliwa na upepo, au hunata katika tope la miguu ya ndege. Nyingine hulala udongoni miaka mingi zikingoja mwanga. Jembe la mchimbaji lifunuapo tope tupu, mbegu hizo huota. Mimea iliyo adimu mara nyingi ni midogo na dhaifu. Penye matete na mafunjo mengi hukosa jua. Shimo jipya huipa nafasi kabla wakubwa hawajafika.

Lakini mkono uumbao makazi ndio huohuo uangamizao. Mfano uko jirani, Bugarama nchini Rwanda, katika bonde la Rusizi, mto umwagao maji yake katika Ziwa Tanganyika karibu na Bujumbura. Huko, mwaka 1987, mtaalamu Eberhard Fischer aligundua kando ya chemchemi ya maji moto yungiyungi dogo kuliko yote duniani, ambalo jani lake huweza kuwa na upana wa sentimita 1 tu. Watu walipoyatumia maji kupita kiasi, tope lilikauka, na kufikia mwaka 2008 ua hilo lilikuwa limetoweka hapo. Mbegu zilizokwisha kuhifadhiwa Ulaya ndizo zilizoliokoa. Mwaka 2009, katika bustani ya Kew, Uingereza, Carlos Magdalena alifaulu kuliotesha chunguni, katika tope lililo sawa na uso wa maji yenye joto la nyuzi 25. Mwaka 2023 watafiti waliliona tena porini nchini Rwanda.

Funzo ni wazi: mmea huo haukutaka bwawa, ulitaka tope bichi lenye mwanga.

Basi mashimo yaliyo karibu na nyumba na yafukiwe, kwa kuwa mbu wa malaria huzaliana humo. Yale ya mbali yaachiwe ukingo mmoja wenye mteremko, wala yasigeuzwe jalala. Na kabla ya kufukia lolote, tuiname kwanza tuangalie kilichoota.