Mwenzako Anakesha na Visanduku na Mistari?

Saa sita usiku, wewe uko kitandani, mwenzako yuko sebuleni na laptopu anachora visanduku na kuviunganisha kwa mistari. Ukichungulia utadhani ni ramani ya fundi umeme. Mara unasikia "piiii" moja ndefu isiyoisha. Shosti (au kaka, maana wadada nao wamo), kabla hujanuna, jua kwamba huo ni muziki. Tuseme, mwanzo wake.

Mtindo huu wa kutunga muziki wa kielektroniki kwa kuchora unahusishwa sana na Mmarekani Miller Puckette, aliyetengeneza programu ya Max miaka ya 1980 akiwa IRCAM, kituo cha utafiti wa muziki jijini Paris. Max inauzwa. Mwaka 1996 huyohuyo akatoa Pure Data, na hii ni ya bure kabisa. Kwa hiyo hela ya kodi ya nyumba ikianza kuguswa kwa ajili ya programu, una haki ya kuuliza.

Ugumu wake ni kwamba ukiifungua unakuta ukurasa mweupe. Hakuna kinanda, hakuna midundo ya kuokota. Unaandika osc~ 440 kwenye kisanduku, unapata mtetemo wa mara 440 kwa sekunde, sauti ileile ambayo okestra nyingi hutumia kulinganisha vyombo. Chini yake unaweka *~ 0.1 kupunguza ukali, kisha dac~ ya kuipeleka kwenye spika. Kile cha katikati kikisahaulika, sauti inatoka na nguvu zote. Kwenye hedifoni hiyo si mchezo, ni hatari kwa masikio. Akiongeza metro 500, anapata kigongo cha kila nusu sekunde, yaani mapigo 120 kwa dakika. Hapo mguu unaanza kutikisika.

Wengi wanakata tamaa mapema kwa sababu walitaka wimbo, wakapata piiii. Asikimbilie albamu. Kila kisanduku kina mfano wake wa msaada: unakibofya upande wa kulia, unachagua Help, mfano unafunguka na unafanya kazi. Abadilishe namba moja tu, asikilize kilichobadilika.

Na nyinyi wawili mkubaliane: usiku ni hedifoni, na jioni moja kwa wiki wewe unakalia kile kiti. Anza na ile 440. Ifanye 220, usikie sauti inavyoshuka oktavu nzima.