Msimamizi Anayelipwa kwa Mwezi na Madai ya Saa za Ziada: Ufafanuzi wa Kifungu cha 17

Katika migogoro ya kazi nchini Tanzania, mwajiri anaweza kujitetea kwamba mdai ni msimamizi, analipwa mshahara wa mwezi, na kwa hiyo hastahili malipo ya saa za ziada. Makala hii inaeleza kwa nini utetezi huo, ukisimama peke yake, hauna mashiko katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004.

Kifungu cha 17 kinawaondoa katika masharti ya saa za kazi waajiriwa wanaotimiza mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, wawe wanawasimamia wenzao kwa niaba ya mwajiri. Pili, wawe wanawajibika moja kwa moja kwa mwajiriwa wa menejimenti ya juu. Na huyo, kwa tafsiri ya kifungu cha 9, ni yule ambaye kwa wadhifa wake hutunga sera za mwajiri na ana mamlaka ya kufunga mikataba ya hali bora. Sharti hili la pili ni rahisi kusahauliwa. Tuchukue msimamizi wa zamu kiwandani anayewajibika kwa meneja uzalishaji. Ikiwa meneja huyo hatungi sera wala hana mamlaka ya kufunga mkataba na chama cha wafanyakazi, msimamizi hayumo katika msamaha, hata akiwa na watu 40 chini yake. Meneja mwenyewe, akiwajibika kwa mkurugenzi mtendaji, huenda akawamo.

Mshahara wa mwezi hautajwi kabisa katika kipimo hicho. Marekani ni tofauti: huko namna ya kulipwa ni sehemu ya kipimo chenyewe. Katika shauri la Helix dhidi ya Hewitt la mwaka 2023, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba msimamizi wa mtambo wa mafuta baharini, aliyepata zaidi ya dola 200,000 kwa mwaka, hakuondolewa katika haki ya malipo ya ziada, kwa kuwa alilipwa kwa siku. Kwa maoni yangu, kuazima kipimo hicho ni kuongeza sharti ambalo Bunge letu halikuliweka.

Kiasi kinachobishaniwa si kidogo. Mshahara wa msingi wa shilingi 780,000 ukigawanywa kwa 4.333, kisha kwa saa 45 za wiki, hutoa takribani shilingi 4,000 kwa saa. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, yaani shilingi 6,000. Aliyefikia ukomo wa saa 50 katika wiki 4 anadai shilingi 300,000.

Hata hivyo, hoja nzuri juu ya kifungu cha 17 yaweza kushindwa na muda. Kanuni za Usuluhishi na Uamuzi, Tangazo la Serikali Na. 64 la mwaka 2007, zinatoa siku 60 tangu mgogoro ulipozuka kuufikisha mbele ya Tume. Msimamizi aliyenyamaza miaka mitatu hadi ajira ilipokoma atakabiliwa na pingamizi kuhusu malimbikizo, na itambidi aombe kuongezewa muda kwa sababu za msingi. Kunyamaza kwake kunaeleweka (nani hupenda kumshtaki anayemlipa?), lakini hofu ya kupoteza kazi ni vigumu kuithibitisha kwa nyaraka, na rejista ya mahudhurio ambayo ingemsaidia imo mikononi mwa mwajiri.