Kuuliza Habari za Jikoni

Ukimwuliza mama, "Unapikia nini?" atasema "kuni," nawe utaandika kuni. Lakini tazama pembeni: kuna jiko la makaa, na mtungi mdogo wa gesi umefunikwa kitambaa. Githeri huchemshwa kwa mawe matatu, chai ya asubuhi ni ya gesi, na gesi ikiisha katikati ya mwezi wanarudia makaa. Sensa ya 2019 ilihesabu moto ule mkuu tu: kuni asilimia 55.1 ya nyumba za Kenya, gesi 23.9, makaa 11.6, mafuta taa 7.8. Kwa taifa inatosha, kwa kijiji haitoshi. Hesabu yetu ndiyo itaamua kama kikundi kitachangia majiko ya kuni au mitungi, na nyumba isiyo na pesa za kujaza gesi tena itabaki na chuma kitupu. Kwa hiyo tunauliza: jana asubuhi mlipika nini, kwa moto upi? Mchana je? Jioni?

Baba wa nyumba tunamsalimu kwanza na kuomba ruhusa, hiyo ni heshima. Lakini maswali ni ya anayepika. Mzee mara nyingi hajui mizigo mingapi huisha kwa wiki!

Tena mzigo wa nyanya si sawa na wa msichana wa miaka 20, na debe la makaa hutegemea muuzaji. Ndiyo maana tunabeba mizani ya kuning'iniza. Tunapima rundo la kuni, tunamwomba mama atumie hizo peke yake, kesho yake tunapima zilizobaki, hivyo kwa siku 3 au zaidi. Tunaandika pia watu waliokula. Siku ya matanga tunaiweka kando. Kuni mbichi nazo hudanganya mizani kwa sababu ya maji, basi tunaandika kama ni mbichi au kavu.

Wengine huokota kuni msituni bila kibali, na wakiona kalamu wanadhani ni askari wa msitu. Tunawaeleza mapema: jina haliandikwi, nyumba hupewa nambari, na daftari haonyeshwi mtu, hata chifu. Jiko la bure tusilitaje kabisa, maana ghafla kila nyumba itakuwa haina jiko.

Baada ya mavuno watu hupikia magunzi ya mahindi, kwa hiyo tunarudi tena wakati wa mvua ndefu, kuni zikiwa zimelowa na makaa yamepanda bei.